Mama aliyetoka Meza ya Bwana akaenda kuandika

Kama leo kanisani kwenu kuna Meza ya Bwana, nakuomba ujiulize jambo moja kabla hujainuka kwenye benchi: mkate na kikombe vikipita, mawazo yako huwa wapi? Tuseme kweli. Wengine huwa tunawaza ada za watoto, wengine mboga tuliyoiacha jikoni, na wengine yule jirani aliyeketi mbele yetu ambaye hatujasalimiana naye tangu Krismasi.

Jumapili moja ya Februari 1851, katika mji mdogo wa Brunswick, jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, mama mmoja wa miaka 39 alikuwa ameketi katika ibada kama hiyo. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba ghafla aliona, kama mtu anayeota huku yu macho, mzee mtumwa mweusi akichapwa mijeledi mpaka kufa, na mzee yule akawaombea waliokuwa wakimuua. Alijikaza asilie mbele ya watu. Alipofika nyumbani alichukua karatasi, akaandika alichokiona, kisha akawasomea watoto wake, nao wakaangua kilio.

Mama huyo aliitwa Harriet Beecher Stowe. Maandishi ya Jumapili ile yalikua yakawa riwaya ya Uncle Tom's Cabin, yaani Kibanda cha Mjomba Tom, moja ya vitabu vilivyosomwa kuliko vyote katika karne ya 19. Huenda umewahi kusikia jina la kitabu hicho bila kumjua aliyekiandika, wala kujua kwamba kilianzia kanisani. Naomba leo unipe nafasi nikusimulie habari zake.

Harriet alizaliwa Juni 14, 1811 katika mji wa Litchfield, jimbo la Connecticut. Baba yake, Lyman Beecher, alikuwa mmoja wa wahubiri wenye sauti kubwa kuliko wote Marekani kwa wakati ule. Wanawe wa kiume waliofikia utu uzima walikuwa saba, na wote saba wakawa wachungaji. Harriet alikuwa mtoto wa kike, na mimbari haikuwa yake. Mama yake alifariki mwaka 1816, Harriet akiwa na miaka mitano tu. Ukitaka kujua kwa nini vitabu vyake vimejaa akina mama wanaonyang'anywa watoto na watoto wanaonyang'anywa mama zao, anzia hapo.

Mwaka 1832 familia ilihamia Cincinnati, katika jimbo la Ohio, baba alipopewa kuongoza Lane, chuo cha kufundisha wachungaji. Mji huo uko kando ya Mto Ohio. Ng'ambo ya mto ni Kentucky, ambako mtu aliweza kununuliwa na kuuzwa kama ng'ombe. Upande wa Cincinnati utumwa ulikatazwa. Harriet aliishi hapo miaka 18, akiutazama mto ambao kwa watu fulani ulikuwa maji tu, na kwa wengine ulikuwa Bahari ya Shamu.

Mwaka 1834 wanafunzi wa Lane walijadili utumwa siku nyingi mfululizo, wakaamua kwamba ni dhambi na lazima ukomeshwe mara moja. Wakaanza pia kuwafundisha watu weusi wa mjini, wakiketi nao na kula nao. Wakuu wa chuo wakaogopa wafadhili na fujo za mitaani, wakapiga marufuku mijadala. Mzee Beecher hakuupenda utumwa, lakini hakusimama na wanafunzi wake. Wengi wao wakaondoka. Nalitaja hili kwa sababu Harriet alikuwa pale na aliona. Aliona jinsi mtu mwema, mtu wa maombi, anavyoweza kuuchukia uovu kwa moyo wote na bado akanyamaza siku inapotakiwa aseme. Sidhani kama somo hilo lilimtoka.

Mwaka 1836 aliolewa na Calvin Stowe, mwalimu wa Biblia chuoni hapo, msomi mkubwa asiye na fedha. Walijaliwa watoto saba. Harriet aliandika makala za magazeti ili kupata pesa za matumizi, akiandikia jikoni, mtoto mmoja akilia na mwingine akiuliza chakula. Siku moja walipata habari kwamba bwana wa zamani wa msichana aliyewafanyia kazi za nyumbani amefika mjini kutoka Kentucky kumsaka. Usiku huohuo Calvin na ndugu mmoja wa Harriet walimpakia msichana kwenye mkokoteni wa farasi, wakampeleka njia za shamba mpaka kwa mkulima aitwaye John Van Zandt, aliyewaficha watoro. Ushike usiku huo, msomaji, maana tutaurudia.

Kisha ukaja mwaka 1849 na kipindupindu. Watu walikufa Cincinnati kwa maelfu. Calvin alikuwa mbali kwa matibabu, na Harriet alikuwa peke yake na watoto. Julai mtoto wake mdogo, Samuel Charles, waliyemwita Charley, akashikwa. Alikuwa na miezi 18. Mama alikaa kando yake akimtazama akiteseka, asiweze kumsaidia chochote, mpaka akafa. Baadaye aliandika kwamba ni kando ya kitanda kile na kaburi lile alipojifunza anachokihisi mama mtumwa mtoto wake anapochukuliwa kutoka mikononi mwake.

Tafadhali usilipite neno hilo haraka. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wengi wetu tukifiwa tunajifungia. Tunasema hakuna aliyepatwa kama mimi, na msiba wetu unakuwa ukuta. Kwa Harriet ulikuwa mlango. Aliwaza: mimi mwanangu kachukuliwa na ugonjwa, nami nimepondeka hivi, je, yule mama wa ng'ambo ya mto ambaye wake anachukuliwa na mnunuzi, akiwa mzima, akimwita mama?

Mwaka uliofuata Calvin alipata kazi katika chuo cha Bowdoin, wakahamia Brunswick. Septemba 1850 Marekani ikapitisha sheria mpya ya watumwa watoro. Kuanzia hapo hata katika majimbo yasiyo na utumwa raia alitakiwa kusaidia kuwakamata. Aliyemficha mtoro au kumsaidia kutoroka aliweza kutozwa faini hadi dola 1,000 na kufungwa hadi miezi sita. Mtu aliyeshukiwa hakuruhusiwa kujitetea kwa ushahidi wake mwenyewe. Afisa aliyesikiliza shauri alilipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani, na dola 5 akimwachia huru.

Na kanisa? Wapo wachungaji waliopanda mimbarini wakafungua Warumi 13, wakawaambia waumini kwamba mamlaka imewekwa na Mungu, hivyo sheria itiiwe. Wengine walifungua Waraka kwa Filemoni, wakasema hata Paulo alimrudisha mtoro kwa bwana wake. Sijui kama waliwahi kufungua Kumbukumbu la Torati 23:15, panapokataza waziwazi kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyekukimbilia. Biblia ni ileile. Tatizo ni ukurasa unaoamua kuufungua.

Mke wa kaka yake mmoja alimwandikia barua akimsihi atumie kalamu yake taifa zima lione utumwa ni kitu gani. Familia ilisimulia kwamba Harriet alisimama na barua mkononi, akaapa kuandika kama atajaliwa uhai. Wakati huo alikuwa na mtoto mchanga. Miezi michache baadaye ndipo ikaja ile Jumapili ya Februari.

Hadithi ilianza kutoka Juni 5, 1851 katika National Era, gazeti la Washington lililopinga utumwa. Alidhani zitakuwa sehemu tatu au nne. Zilipita 40, na iliisha Aprili 1852. Sitakusimulia yote, lakini kuna sura moja ambayo lazima tukae nayo.

Eliza ni mtumwa kijana huko Kentucky. Anasikia kwamba bwana wake, kwa sababu ya madeni, amemuuza mwanawe Harry. Usiku anamchukua mtoto na kukimbia. Mnunuzi anamfuata, na mbele yake uko Mto Ohio, umejaa mapande ya barafu yanayoelea. Anaruka kutoka pande moja hadi jingine, miguu inatoka damu, mtoto kifuani, mpaka anafika ng'ambo.

Jioni hiyohiyo, nyumbani kwa Seneta Bird wa jimbo la Ohio, mume amerudi kutoka bungeni, amevua viatu anakunywa chai. Mkewe Mary ni mwanamke mdogo, mpole, asiyejihusisha na siasa. Anamuuliza kama ni kweli wamepitisha sheria ya kuwanyima chakula na malazi watoro. Seneta anakubali, tena kura yake imo. Anaanza kumweleza habari za maslahi ya taifa na amani ya nchi. Mary hajui siasa, lakini anajua Biblia yake inamtaka amlishe mwenye njaa na kumvika aliye uchi, na anamwambia mumewe kwamba sheria hiyo ataivunja siku ya kwanza atakayopata nafasi. Kabla mabishano hayajaisha, mtumishi anawaita jikoni. Eliza amefika, amezimia sakafuni, nguo zimeganda kwa barafu.

Anapozinduka na kuulizwa kwa nini alikimbia, anamtazama Mary na kumuuliza kama amewahi kufiwa na mtoto. Chumba kinanyamaza. Mwezi mmoja tu umepita tangu wamzike mtoto wao mdogo, Henry. Seneta anageuka kuelekea dirishani, na Mary anatokwa na machozi.

Ni yule seneta, mwenye kura yake, anayesema usiku ule kwamba mwanamke huyu lazima aondoke kabla hapajakucha, na kwamba yeye mwenyewe atamwendesha. Akiwa mlangoni anarudi, na kwa kigugumizi anamkumbusha mkewe kwamba iko droo yenye nguo za marehemu mtoto wao. Mary anaifungua. Nguo ndogo, viatu vilivyolika kwenye vidole, vitu vya kuchezea. Hajavigusa tangu msiba. Anainamisha kichwa juu ya droo analia, kisha anafuta machozi na kuanza kuchagua zilizo nzuri na imara ampelekee mtoto wa Eliza.

Droo ile, msomaji, haikutoka hewani. Ilikuwa droo ya Charley. Na safari ya usiku ya seneta, katika matope yanayomeza magurudumu, hadi kwa mkulima ambaye kitabuni anaitwa Van Trompe, ndiyo safari ya Calvin Stowe hadi kwa Van Zandt. Seneta akiaga anaacha noti ya dola 10 kwa ajili ya yule mama. Ni kiasi kilekile ambacho sheria iliahidi kumlipa afisa atakayemrudisha mtu utumwani. Sijui kama Harriet alikipanga makusudi.

Tazama kilichombadilisha seneta. Hakushindwa kwa hoja. Hoja alikuwa nazo nyingi kuliko mkewe. Mtoro aliyemjua yeye alikuwa neno lililoandikwa katika muswada. Hakuwa amewahi kuona macho yake.

Lakini Harriet hakuwa mtu wa kudhani kwamba machozi yanatosha. Ndani ya kitabu hichohicho yumo Augustine St. Clare wa New Orleans, bwana mwenye moyo laini. Anauona uovu wa utumwa kwa wazi kuliko wahubiri wengi na anauzungumzia vizuri sana. Anamwahidi Tom uhuru, hata anaanza kutengeneza hati. Anachelewa. Anachomwa kisu alipokuwa akiamulia ugomvi, anakufa bila kukamilisha, na Tom anapigwa mnada. Yumo pia binamu yake, Bi Ophelia, kutoka kaskazini, anayelaani utumwa kwa maneno makali ila hawezi kumshika mkono Topsy, msichana mdogo mweusi aliyekabidhiwa amlee. Topsy anajua, watoto hujua. Mpaka siku Ophelia anapojifunza kumpenda, masomo yake yote hayamsaidii mtoto yule. Mmoja alikuwa na huruma bila ujasiri, mwingine msimamo bila upendo. Nikiwasoma hao wawili hujiona mimi, mara upande huu, mara upande ule.

Na Tom mwenyewe? Jina lake limetendewa vibaya. Katika Marekani ya leo kumwita mtu mweusi Mjomba Tom ni tusi, maana yake kibaraka anayejipendekeza kwa weupe. Sehemu kubwa ya tusi hilo ilitokana na michezo ya jukwaani iliyomgeuza kuwa mzee wa kuchekesha. Tom wa kitabuni ni mwanamume mwenye nguvu, mume na baba. Anapouzwa hakimbii, kwa sababu akikimbia watauzwa wengine wote. Anafikia mikononi mwa Simon Legree, kwenye shamba la pamba huko Louisiana. Anamwona mwanamke mgonjwa asiyeweza kufikisha uzito uliotakiwa, anamtilia pamba yake kapuni. Legree anamwamuru amchape mwanamke huyo. Tom anakataa. Anapigwa. Baadaye wanawake wawili, Cassy na Emmeline, wanatoweka. Tom anajua waliko, maana wamejificha darini mwa nyumba ya Legree mwenyewe. Anaulizwa, anakubali kwamba anajua, na anakataa kusema. Kwa hilo anauawa, na wanyapara waliompiga, Sambo na Quimbo, wanalia na kutubu kando yake. Kibaraka gani huyo?

Hata hivyo mama Stowe hakuwa malaika. Alimaliza kitabu kwa kuwapeleka baadhi ya wahusika wake Liberia, kana kwamba Marekani haikuwa nchi yao. Wapo Wamarekani weusi wa wakati wake, akiwamo Martin Delany, waliomlaumu kwamba anazungumza juu yao pasipo kuwajua. Walikuwa na haki. Unaweza kumwonea mtu uchungu wa kweli na bado ukakosea kumwelewa.

Kitabu kilitoka Machi 20, 1852. Ndani ya mwaka mmoja nakala 300,000 ziliuzwa Marekani pekee, na Uingereza zaidi ya milioni moja. Wanawake wa huko zaidi ya nusu milioni walitia saini waraka wa kuwasihi wenzao wa Marekani waupinge utumwa. Kusini mwa Marekani walimwita mwongo, ndipo mwaka 1853 akachapisha kitabu kingine cha ushahidi, chenye hukumu za mahakama na matangazo ya magazeti. Inaelezwa kwamba alitumiwa kifurushi chenye sikio la mtumwa.

Lakini gharama kubwa zaidi ililipwa na mwingine. Samuel Green alikuwa mhubiri mweusi huko Maryland, mtu huru. Mwaka 1857 alihukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa kosa la kukutwa na kitabu hicho nyumbani. Alitoka mwaka 1862, kwa sharti la kuhama jimbo. Harriet aliandika akiwa mahali salama. Green alifungwa kwa kukiweka kwenye kabati lake tu.

Mwaka huohuo wa 1857 msiba ulirudi nyumbani kwa Harriet. Mwanawe Henry, mwanafunzi wa chuo cha Dartmouth, alizama katika Mto Connecticut akiwa na miaka 19. Ndiyo, jina lake ni lile la mtoto wa droo. Mafundisho aliyokulia yalimwacha na swali zito: kijana wake alikufa kabla ya kushuhudia wokovu kwa namna iliyotakiwa, je, yuko wapi? Aliteseka na swali hilo, akaandika riwaya juu yake mwaka 1859, na mwisho akakataa kuamini kwamba Kristo ana upendo mdogo kuliko mama. Mwana mwingine, Frederick, alijeruhiwa katika mapigano ya Gettysburg mwaka 1863, akatumbukia katika ulevi, akaenda California na hakuonekana tena. Harriet alimngojea hadi uzeeni.

Januari 1, 1863, siku Rais Abraham Lincoln alipotia saini tamko la kuwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyoasi, Harriet alikuwa katika ukumbi mmoja wa muziki jijini Boston. Habari ilipothibitishwa watu walianza kuita jina lake. Aliyekuwa ameketi ghorofani akasogezwa mbele mpaka kwenye ukingo, kofia yake imekwenda upande, akainama kuwasalimu huku machozi yakimtoka.

Miaka yake ya mwisho aliishi Hartford, jirani na mwandishi Mark Twain. Akili ilikuwa imechoka. Aliingia nyumba za majirani bila kubisha hodi, akachuma maua ya watu, na majirani wakamwachia. Alifariki Julai 1, 1896, akiwa na miaka 85, akazikwa Andover, jimbo la Massachusetts, pembeni mwa Calvin na Henry. Kwenye mazishi lilikuwapo shada la maua kutoka kwa watu weusi wa Boston. Kwenye kadi yake walijiita watoto wa Mjomba Tom.